Mama Auleria na Paka wa Betri

Jumapili, 5 Novemba

Sikwenda kanisani tena. Nestory amekwenda peke yake, amerudi na maneno. Kokugonza, jirani wetu wa bondeni, amemsimamisha mlangoni pa kanisa akamwuliza kama ni kweli mama yake ananyimwa chakula. Mbele ya watu! Nestory amejibu si kweli. Amejibu kwa sauti ndogo — namjua mume wangu — na sauti ndogo mahali kama pale ni sawa na kukubali.

Maneno yenyewe yanatoka kwa mama. Kila anayepita njiani anaitwa uani: njoo uone, tangu jana sijatia kitu mdomoni, huyu mwizi anakula vyote. Huyu mwizi ni mimi. Wakati huo sahani bado iko miguuni pake, kuku wanamalizia.

Mama Auleria! Miaka kumi na minane niko hapa Nyabiyonza. Nilipoolewa, shangazi za Nestory walisema amekosa wasichana mpaka kaokota Mnyarwanda huko Kyerwa. Nani alisimama? Ni huyu huyu mama mkwe. Aliwaambia mwenye neno amalize pombe yake ya rubisi akalale. Ndiyo maana inauma.

Daktari alishatueleza. Ugonjwa wa kusahau. Ubongo unachakaa, si laana, si kiburi. Nimeelewa. Lakini kuelewa hakuzuii kofi. Leo nimejaribu kumwogesha — kofi moja, na kopo la maji likanifuata.

Jioni, kama kawaida, amejifunga kitenge, anataka kwenda kwao Kituntu, baba yake anamsubiri. Baba yake alikufa mimi sijazaliwa. Nimemfuata kwenye migomba, matope mpaka magotini, mpaka kisimani. Alikuwa analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sare za kwaya bado ziko vipande vipande mezani. Cherehani ina vumbi.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua. Mama kalala kidogo mchana. Nami nimelala — nimekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa.

Ijumaa, 10 Novemba

Mgeni! Aristides, mtoto wa baba mdogo wa Nestory, yule anayetunza wazee katika nyumba yao huko Ujerumani. Yuko likizo. Amenenepa, amejifunza kunywa chai bila sukari.

Akasema, shemeji, nimewaletea kitu, usiogope. Akafungua begi, akatoa paka. Wa kijivu, kifua cheupe. Nikasema jamani, umesafiri na paka kwenye ndege! Akampapasa mgongoni. Paka akafumba macho, akafumbua, akasema nyau. Nilirudi nyuma hadi mlangoni.

Ni mashine. Paka wa betri. Anasema huko wanawapa wazee wanaosahau, wengine wanatulia kabisa, wengine hawamtazami hata mara moja, huwezi kujua. Huyu alikuwa wa bibi mmoja pale kazini kwake. Bibi amefariki, watoto wake hawakumtaka.

Nikamwambia: Aristides, hiyo ya marehemu usimwambie mtu mwingine yeyote katika kata hii.

Mama amemtazama paka muda mrefu. Kisha: "Mtoeni, atakunywa maziwa." Basi. Aristides alinyong'onyea, nikamwonea huruma. Kanionyesha swichi iko wapi, chini ya tumbo, penye kifuniko cha manyoya, na kwamba asiloe. Ameaga. Paka nimemweka juu ya gunia la maharage. Usiku huu nimemgeuzia uso ukutani. Ananitazama mno.

Jumapili, 12 Novemba

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Jioni mama amejifunga kitenge chake. Kituntu. Mimi niko mlangoni, kandambili mkononi, tayari kumfuata. Akapita karibu na gunia, kitenge kikamgusa paka. Nyau.

Mama akasimama. Akauliza nani amemwacha mtoto huyu hapa. Akamchukua, akaketi naye mkekani, akampapasa. Paka akaanza ile ngurumo yake tumboni, kama chungu kinachochemka mbali. Mvua ikaanza. Mama akatazama nje, akamtazama paka, akasema, "Siwezi kumwacha. Atanyeshewa."

Hakwenda Kituntu!

Nimebaki nimesimama na kandambili zangu kama mjinga.

Jumanne, 14 Novemba

Ameoga. Ameoga! Mwili mzima, hadi nyuma ya masikio. Nilimweka paka kwenye kigoda mbali na maji, nimemfunga kanga kama mtoto. Mama hakumwondolea macho. Nilipoanza kumsugua mgongo nikajiandaa kwa kofi. Halikuja. Badala yake akaanza kuzungumza na paka kwa Kinyambo, taratibu: usiogope, huyu mikono yake haiumizi. Huyu ni wa kwetu.

Nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamvika. Halafu nikaenda kwenye migomba, sabuni bado mikononi, nikalia. Siyo kilio kibaya. Kama mtu aliyetua gunia la kahawa kichwani, shingo inarudi mahali pake.

Kitu kimoja tu kinanikera. Namdanganya. Mama mzima, aliyesimamia kibanja hiki cha migomba peke yake baada ya mume kufa, namshikisha mashine namwacha aiite mtoto. Nimempigia Nestory kazini Rubwera. Anasema kama ametulia, uongo uko wapi? Nestory kila kitu kwake chepesi, yeye anakuja Jumamosi na Jumapili.

Nimeshona kola mbili.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo nimeogopa kweli.

Kokugonza alikuja jana kuazima ungo, akamkuta mama anamlisha paka ndizi. Ndizi inadondoka, paka anapepesa macho, hali. Kokugonza aliondoka bila ungo. Leo asubuhi kisimani wanawake wamenipa nafasi pana mno. Hakuna aliyeniambia niteke kwanza kwa heshima — walirudi nyuma. Nikajua. Ajuza, paka asiyekula, mkamwana wa kutoka ng'ambo. Nimeona wazee wakihamishwa vijiji kwa kidogo kuliko hicho. Nimefunga mlango, nimemweka mama chumba cha ndani.

Mchana akaja Polikarpi, mwenyekiti wa kitongoji. Kasimama uani, mbali, fimbo mbele. Nyuma yake kwenye uzio vichwa, cha Kokugonza kikiwa cha kwanza.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Anonciata. Wanasema hapa kuna paka asiyekula."

"Yupo."

"Mlete."

Nikamleta. Nikampindua, nikafungua kifuniko cha tumboni. Polikarpi akavaa miwani. Akachungulia. Akatia kidole.

"Betri."

"Betri, mwenyekiti."

"Za tochi kubwa."

"Hizo hizo."

Akafikiri. Akasema, "Kumbe ni redio!" Kisha kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Inashika stesheni gani?"

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye vumbi. Sikumbuki lini nimecheka hivyo. Naye akacheka. Nikaiwasha, nikampa mikononi, ikanguruma, na yule mzee mkali, anayeogopwa na walevi wote wa hapa, akaikumbatia akasahau kuirudisha. Nikamletea chai. Alipoondoka nikamsikia njiani anawafokea waliokuwa kwenye uzio: ni redio! Redio yenye manyoya! Nendeni mkapalilie!

Baadaye Kokugonza akarudi kuchukua ungo. Akaniomba aishike mkia. Mkia tu. Nikamwacha.

Jumamosi, 18 Novemba

Furaha haikai. Wifi Restuta amepiga simu kutoka Bukoba. Dada mkubwa wa Nestory, mwalimu mstaafu. Hakusalimia. Amesikia mama halishwi, amesikia tumemletea sanamu ya kishetani, anakuja Jumatatu kumchukua mama yake. Nikasema karibu wifi. Akakata.

Nestory alikuwa karibu, amesikia yote. Nimemwuliza utasema nini? Anasema tutaona. Huyo ni Nestory mbele ya dada yake: tutaona.

Nimefagia nyumba nzima, nimefua mapazia. Kwa nini nafua mapazia? Kama mshtakiwa anayenyoosha shati la kwenda mahakamani.

Jumatatu, 20 Novemba

Restuta kafika kabla ya saa sita, teksi ya kukodi kutoka Kayanga, sanduku kubwa. Mama alikuwa kwenye mkeka na paka wake. Restuta akapiga magoti, akashika mikono yake. Na mama akamtazama, akainamisha kichwa, akasema kwa heshima:

"Shikamoo."

Kwa mwanawe wa kwanza! Restuta hakujibu. Utaitikiaje marahaba kwa mama yako? Nikageuka, nikajifanya natafuta sufuria.

Halafu hasira ikampata, nadhani ilikuwa rahisi kuliko lile lingine. Kafunua masufuria yangu. Kamshika mama mkono, kaupima kwa vidole. "Hajakonda," akasema, kama vile nimemnyima kitu. Kanusa nguo zake: zimefuliwa. Ikabaki paka.

"Mama yangu amelea watoto sita. Leo mnampa mdoli?"

Nikaanza kueleza, hakungoja. Akamchukua, akamtia kwenye sanduku lake, akafunga zipu. Mama akabaki mikono wazi juu ya mapaja.

Tukakaa tunakunywa chai. Ndani ya sanduku: nyau.

Restuta akalitazama. Nyau, nyau. Sikumwambia swichi iko wapi. Hakuuliza.

Jioni — Kituntu. Restuta ndiye aliyemfuata kwenye matope. Na viatu vyake vya mjini.

Jumanne, 21 Novemba

Asubuhi Restuta kasema mama atamwogesha yeye, ni mama yake. Nikamchotea maji, nikayapima joto kwa kiwiko, nikaenda jikoni. Nikahesabu moyoni. Sikufika mbali.

Kofi — nililisikia hadi jikoni. Kisha sauti ya mama: mwizi! Mnyang'anyi! Wewe ndiye unayekula chakula changu! Umeingia nyumbani kwa watu, umeniacha na njaa!

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilishika kanga mdomoni nisipige kigelegele. Sikufurahi kwa sababu ya aibu ya Restuta. Nilifurahi kwa sababu si mimi! Haikuwa mimi hata siku moja. Mwizi ni yeyote anayeshika kopo. Daktari aliniambia, Aristides aliniambia, sikuwaamini mpaka nilipomsikia mwizi mwingine anaitwa.

Restuta akatoka, blauzi imelowa, akakaa juu ya kinu kilicholazwa pale nje. Kisha:

"Ni hivi kila siku?"

"Ilikuwa kila siku. Kabla ya paka."

"Kwa nini hukuniambia, Anonciata?"

"Nilikwambia, wifi. Pasaka. Ulisema nina haraka ya kuchoka."

Alikumbuka, nimeona amekumbuka. Hakuomba radhi, naye siyo wa kuomba radhi. Lakini kaingia ndani, nimesikia zipu ya sanduku.

Alhamisi, 23 Novemba

Leo mama amenitua mzigo, na hajui kama amenitua.

Tulikuwa watatu barazani. Restuta — tangu juzi amekuwa mpole mno, kama mtu aliyevunja chombo cha watu — akampa mama yule paka, akasema kwa ile sauti ya kuwasemesha watoto wa darasa la kwanza: "Mama, huyu hapa paka wako. Mpakate paka wako."

Mama akamtazama. Yale macho yake ya zamani! Yamerudi ghafla, makali.

"Wewe nawe. Huyu si paka."

Restuta akanitazama, nami nikamtazama. Nikauliza: "Kumbe ni nini, mama?"

"Nitajuaje? Vitu vyenu vya siku hizi. Lakini paka wa kweli hakai. Angekwisha kwenda zake kutafuta panya. Huyu anakaa." Akamgeuza vizuri mapajani, akamlaza. "Anakaa. Sasa mnanishangaa nini? Hakuna kahawa hapa?"

Nikakimbia kuleta kahawa. Wiki nzima nimejiona mwongo, kumbe mama anajua! Au alijua kwa dakika ile moja. Nilipotoka na vikombe alikuwa tayari anamnyooshea ndizi mdomoni, anamwambia kula mwanangu. Sawa. Yote mawili sawa. Aliyedanganywa hayupo hapa.

Restuta alikuwa anafuta miwani. Miwani haikuwa na vumbi.

Jumamosi, 25 Novemba

Senene wameanguka alfajiri! Kitongoji kizima nje na ndoo na mafulana, hata Polikarpi. Nestory kaja kutoka Rubwera akatukuta wote tumezunguka sinia, tunanyonyoa mabawa. Na mama — nani angeamini? — mikono yake inakwenda kuliko ya yeyote. Hajui leo ni siku gani, lakini bawa, mguu, bawa, mguu, tupa. Vidole havijasahau. Restuta kajaribu kumfuata, ameshindwa, mama akamcheka: huyu mgeni hajui senene! Restuta naye akacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza amecheka tangu ile shikamoo.

Baada ya kula Restuta akatuita mimi na Nestory. Anamchukua mama hadi baada ya Krismasi. Nestory akaanza, lakini dada, watu watasema — akamkata. Hapana. Simchukui kwa sababu anatunzwa vibaya. Namchukua kwa sababu anatunzwa na mtu mmoja. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Wifi, nipe zamu yangu."

Nilisema ndiyo haraka mno. Haikupita hata pumzi. Nilitegemea nione aibu. Haikuja. Nimelala mchana, nimejinyoosha kitandani, mlango wazi, mtu mwingine analinda.

Jumatatu, 27 Novemba

Wameondoka asubuhi. Gari la Aristides, anarudi Bukoba kuwaaga wenzake kabla ya safari, kawapa nafasi. Restuta hataki niandike maelekezo, alitaka nimwambie, basi nimemwambia tukitembea hadi garini: usimwulize kama anakumbuka. Usimpinge habari za Kituntu, mwulize tu kule kuna nini. Paka asikae karibu na maji. Akiita mwizi, toka nje, hesabu migomba, rudi. Restuta anarudia nyuma yangu kama mtoto wa Kipaimara: hesabu migomba. Wifi, kwangu hakuna migomba. Hesabu chochote, nimesema.

Mama aliingia garini kwa heshima zake zote, paka mapajani, kitenge cha kanisani. Nilimfungia mkanda. Akanishika kidevu, akanitazama. Sijui alimwona nani. Akasema, "Umechoka wewe." Gari likaondoka.

Nyumba! Kimya chake! Nimetembea chumba hadi chumba kama mnunuzi. Nestory yuko, kachukua ruhusa ya siku moja, anatengeneza pikipiki, naye kuondoka kwa mama kumemgusa. Nimeshona sare nne nzima. Cherehani inaimba. Nimeimba nayo.

Kisha nimepika ndizi na maharage, nimetia karanga, nikapakua, nikakaa mezani. Mezani! Na sahani inafuka moshi.

Simu. Restuta. Nikajua gari limepinduka. Hapana. Wako Omurushaka tu, hata lami hawajaifaidi. Mama aliomba kushuka ajisaidie, akashuka, akajisaidia vizuri, sasa amekaa kwenye benchi la mama mmoja mchoma mahindi na hataki kurudi garini. Anasema hawezi kwenda, kuna mtu anamsubiri, atakuja sasa hivi. Nani? Hataji jina. Anasema yule mrefu mwenye mikono ya baridi. Mikono ya baridi ni yangu, kila siku analalamika.

Nikamwuliza Restuta, analia? Halii kabisa, anakula mahindi. Watu wamejaa, wanapokezana paka, na Aristides anawaelezea. Nyuma yake nasikia kicheko, na sauti ya mama juu ya zote, anamwambia mtu anawe mikono kwanza.

"Wewe je, wifi?" nimemwuliza.

"Mimi nimekaa naye. Nimenunua na mimi hindi." "Huwa unafanyaje akikataa hivi?"

"Huwa nakaa."

"Basi nakaa. Lakini kama ungeweza kuja, aone uso tu, kisha tuendelee… Au labda ukimwona atataka kurudi na wewe. Sijui. Unasemaje?"

Nami sijui. Nikienda, labda anapanda gari mara moja. Labda narudi naye hapa, na zamu ya Restuta inaishia kwenye benchi la Omurushaka. Nimesema nitakupigia.

Nestory amesikia. Ametoa pikipiki uani, ameiwasha, amesimama mlangoni na kofia zote mbili mkononi. Anasubiri neno langu. Siyo la dada yake, langu. Naandika hapa kwa mkono mmoja, mwingine una kijiko.

Ameuliza tena, tunakwenda?

Nimemwambia azime kwanza, aje akae. Ndizi bado za moto.